Mashine Tatu na Mkanda Mmoja

Mkaguzi wa mizani hana rafiki sokoni, na Nabra binti Abdun alikuwa amekagua mizani za Kairo kwa miaka kumi na minne. Wauza jibini wa mtaa wa Abdin walimjua kwa begi lake la ngozi, lenye mawe ya mizani ya shaba, ya kuhakikishia mawe ya wauzaji. Hivyo asubuhi ile ya Jumanne alipoingia dukani kwa Fundi Labib, kwenye kichochoro cha mafundi redio, jambo la kwanza alilofanya yule mzee ni kukisukuma kwa mguu kimizani chake cha kupimia waya wa shaba mpaka kikapotea chini ya meza.

"Kiache tu, fundi," akasema Nabra. "Leo nimekuja kununua."

"Mungu asifiwe! Maana hicho hata mimi mwenyewe sikiamini."

Labib alikuwa mzee wa Kikopti, Mkristo wa Misri, mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine kipajini. Kwa miaka arobaini hakuwa na kazi ila tepurekoda za zamani, zile kubwa za magurudumu mawili, ambazo mkanda hutoka gurudumu la kushoto, ukapita mbele ya kipande cha chuma kiitwacho kichwa, ukajizungusha kwenye gurudumu la kulia. Watu wenye akili zao walikwisha kuzitupa. Wengine, nao wenye akili zao, walikuwa wakizitafuta tena kwa udi na uvumba. Labib hakubishana na upande wowote, mradi wote wapitie kwake.

Nabra alikuwa amempigia simu tangu Jumapili, na fundi alikwisha kumpangia mashine tatu juu ya meza ndefu. Hakuziita kwa majina yaliyoandikwa usoni mwao. Aliziita kwa kwao: Mjerumani, Mjapani, Mholanzi. Nabra akatoa daftari. Kurasa mbili zilikwisha kupigwa mistari kwa rula: kichwa, mwendo, ukubwa wa gurudumu, vipuri, bei.

"Dada yangu," Labib akasema akilitazama daftari, "hata binti yangu hakumchunguza mchumba wake hivi."

"Na ndoa ikaendaje?"

"Miezi minne akarudi nyumbani."

"Haya, tuanze," akasema Nabra.

Kitu alichotaka kukisikiliza kilikuwa kimoja tu, nacho kilikuwa ndani ya lile begi, kimefungwa kwenye kitambaa cha kichwa. Kigurudumu cha mkanda, ukubwa wa kisahani cha kikombe. Baba yake, Abdun, alikuwa mpishi wa tajiri mmoja Kuwait. Mwaka wa sabini na moja alisema barua ndani ya mkanda ule akampa mtu wa kwao auchukue mpaka kijijini, kusini kabisa, karibu na Kom Ombo. Wanubi wenzake wa siku zile walipenda barua za kusema kuliko za kuandika, kwa sababu lugha yao hawakuwa wakiiandika, na za Kiarabu zilitaka kusomewa na mtu ambaye kesho angeyatangaza mambo yako kisimani. Miezi miwili baadaye gari la Abdun likapinduka jangwani, naye akazikwa hukohuko. Nabra alizaliwa baba yake amekwisha kuondoka, na hakuwahi kuisikia sauti yake hata siku moja.

Lakini jina alipewa naye. Mtoto alikaa siku arobaini bila jina, akiitwa Mgeni, kila mtu akingoja neno la baba. Neno likaja ndani ya mkanda. Ukapigwa mara moja tu, kwenye mashine ya mwenye duka la kijiji, aliyekuwa na jenereta, na wanawake wakajaa uani. Kisha mwenye duka akahama na mashine yake. Hiyo ndiyo habari aliyokua nayo Nabra, na mama yake, Bi Sokkara, hakuongeza wala hakupunguza. Miaka thelathini na minane mtu unaitwa jina, na aliyekuita kwanza hujamsikia. Nabra alikuwa akilitaka jambo hilo kama mwenye kiu. Kazini hakumwambia mtu, maana mkaguzi akionekana ana moyo, kesho mawe yote ya sokoni yatapungua uzito.

Bi Sokkara hakutaka mashine. Jambo hilo lilimshangaza Nabra, kisha likamuudhi. "Mkanda umekufa huo," mama alikuwa akisema. "Joto limeula. Pesa zako nunua friji." Mara mbili aliuhamisha kutoka sandukuni, na mara ya pili Nabra aliukuta ndani ya pipa la dengu. Alipouliza, mama akasema dengu huzuia unyevu.

"Tuanze na Mjerumani," akasema Labib. "Huyu ni mwana wa watu. Mtazame alivyotulia. Ana mwendo wa kila aina, wa haraka, wa kati, na ule wa polepole kabisa. Waandishi wa habari walimbeba vitani na akarudi mzima." Akachukua mkanda wake wa majaribio kutoka kwenye droo.

"Wako sitaki," Nabra akasema. "Mizani haijaribiwi kwa jiwe la mwenye duka."

Labib akavua miwani ya machoni, akashusha ya kipajini, akakichunguza kile kigurudumu. Akaupitisha mkanda kati ya vidole, akaunusa. Akasema bado ni mzima, Mungu ni mkubwa, nani aliyeutunza? Nabra akasema dengu. Fundi hakuuliza zaidi. Akaupachika, akageuza swichi.

Wakatoka watu wawili kwa pamoja. Mmoja alisema, na mwingine alikuwa kama anayavuta maneno kuyarudisha kooni. Ukimsikiliza huyu, yule anakuziba. Nabra alibaki na kalamu mkononi.

"Umeharibika," akasema, na sauti yake haikuwa ya mkaguzi.

"Umeharibika nini! Subiri, dada." Labib akazima. "Mkanda huu umegawanywa njia nne, kama barabara. Njia nyingine huenda, nyingine hurudi. Mjerumani wangu ana kichwa kipana, anasoma njia mbili kwa mpigo, ya kwenda na ya kurudi. Ndiyo maana unamsikia mtu anasema na mtu anakula maneno. Tena ni mtu yuleyule mmoja, upande wa kwanza na upande wa pili. Mzee wako alikuwa na mengi."

Nabra akaandika chini ya safu ya kichwa: kipana mno. Akapiga mstari chini yake.

Mjapani alikuwa na uso wa fedha, mishale miwili ya kucheza ndani ya vioo vyenye mwanga, na vitufe vingi kuliko vidole vya mtu. Labib alimfuta vumbi ambalo halikuwepo. "Huyu kichwa chake chembamba, atachukua njia moja tu. Na uzuri wake, hebu mwone! Jana daktari wa meno alitaka kulia hapa."

"Kizuri chajiuza, fundi. Mbona yeye unamsemea?"

"Basi nanyamaza."

Mjapani akaimba kama kifaranga. Maneno yalikimbizana, membamba, ya kuchekesha, na Labib kwa kweli alicheka, kisha akaona uso wa mteja wake akaacha. Mashine ile ilikuwa na miendo miwili tu, wa haraka na wa kati. Abdun alikuwa amerekodi kwa ule wa polepole kabisa, unaobeba maneno mengi kwenye mkanda mfupi.

"Kwa nini achague wa polepole?" fundi akauliza. "Sauti hupungua uzuri."

"Salamu," akasema Nabra. "Kwetu barua haianzi mpaka umemsalimu kila mtu kwa jina lake, mkubwa kwa mdogo, nyumba kwa nyumba. Ukimruka mtu mmoja umeanzisha vita vya miaka kumi."

"Hata kwetu Asyut."

"Nyinyi mna nyumba ngapi? Baba alikuwa anasalimu kijiji."

Akabaki Mholanzi. Nisidanganye, alikuwa mbaya. Rangi ya kahawia ya suruali ya karani, kifuniko kimepasuka pembeni, kishikio kimefungwa waya. Labib hakumsifu kwa lolote. Alisema tu kwamba ni mashine ya nyumbani, ya watu wa kawaida, kichwa chembamba, miendo mitatu, na kwamba mpira wa ndani alibadilisha yeye mwenyewe mwezi uliopita. Akaugeuza mkono wa mwendo hadi chini kabisa.

"Salaam aleikum, Sokkara," akasema mwanamume mmoja katika duka la Labib, kwa Kinubi, bila haraka, na koo lake lilikuwa na mkwaruzo wa mvuta sigara. "Mimi ni Abdun. Niko jikoni. Usijali hizo kelele, ni masufuria."

"Zima!" akasema Nabra.

"Ndiyo kwanza ameanza..."

"Zima, fundi, nakuomba. Barua si yangu. Ni ya mama yangu. Haifunguliwi mwenyewe hayupo."

Labib akazima. Hakujua Kinubi, hakuwa ameelewa hata neno moja zaidi ya salamu, lakini akaenda nyuma ya pazia kutafuta glasi za chai ambazo zilikuwa hapo hapo mezani. Nabra alisimama ameshika ukingo wa meza.

Fundi aliporudi alikuwa na kipaza sauti na mkanda wake mwenyewe. "Sasa tujaribu upande wa kurekodi. Kila mteja namrekodi: moja, mbili, Mungu ni mwema. Halafu anajisikia, anacheka, ananunua." Akanyoosha kidole kwenye kitufe chekundu.

Nabra akamdaka mkono. "Hicho kinafanya nini kikibonyezwa mkanda wangu ukiwa ndani?"

"Kinafuta kilichopo na kuandika kipya."

"King'oe."

"Dada, mashine isiyorekodi ni nusu mashine!"

"Nusu inanitosha. Mama yangu macho yamepungua, anapapasa. Sitaki kidole cha mtu kipotee njia. Kata waya zake, tia gundi, fanya ujualo."

Labib akanung'unika kwamba miaka arobaini amekuwa akifufua mashine na leo analipwa kuitia kilema, lakini akafungua mgongo wa Mholanzi na kukata waya mbili. Nabra akabonyeza kitufe mara sita kuhakikisha. Hakikufanya kitu. Akalipa bei iliyotajwa bila kubishania hata pauni moja, na Labib, kwa mshangao, akampa bure chupa ya spiriti ya kusafishia kichwa.

Mashine ilifika nyumbani Abdin kwa teksi, baada ya sala ya alasiri, ikapandishwa ghorofa tatu na dereva aliyelaani kila ngazi. Bi Sokkara alikuwa amekaa kwenye kochi karibu na dirisha, miguu yake mibovu juu ya kistuli, glasi ya karkade, ile chai ya maua mekundu, mkononi. Aliisikia ikiwekwa mezani. Hakuuliza ni nini.

"Umeinunua," akasema.

"Nimeinunua, mama. Inasema vizuri. Nimemsikia anakusalimu wewe, nikaizima."

"Nimekwambia nunua friji."

"Mama, unaogopa nini?"

"Naogopa nini mimi, mzee mzima?" Bi Sokkara akaiweka glasi chini, nusu ikamwagika. "Haya washa. La kuvunda halina ubani."

Nabra akawasha. Abdun akasalimu tena na masufuria yake, kisha akaingia kazini. Alianza na nyumba za juu, zile za karibu na mfereji, akataja mmoja mmoja. Na Bi Sokkara, aliyekuwa amekaza midomo, kufika jina la tatu akaanza kumjibu, maana ndivyo barua ya kusema ilivyosikilizwa kwao: ukiulizwa hali, unajibu.

"Mjomba Shelali hajambo na mgongo wake?" akauliza Abdun.

"Alikufa, Abdun. Mgongo ulipona kwanza."

"Na Asha binti Fadl, hajambo na mdomo wake?"

"Mdomo alizikwa nao. Tuliogopa hata kaburini utasema."

Nabra alicheka mpaka akashika mbavu, na mama yake akacheka, na yule mtu wa jikoni akaendelea kusalimu wafu kwa bidii. Ilichukua dakika ishirini na tatu. Nabra alikuwa ametazama saa, mazoea ya kazi. Chini mtaani muuza gesi alikuwa akipiga mitungi yake. Nyumba zikaisha. Sauti ya Abdun ikashuka, kama mtu aliyesogea karibu.

"Sasa wewe, Sokkara. Huyo mgeni wetu aliyenipita njiani. Nimefikiri siku tatu. Mama yangu ana jina lake na mama yako ana lake, na wote wawili wanasubiri. Sitaki wagombane. Kwa hiyo mtoto huyu hatabeba jina la mtu. Ataitwa..."

Kitu kikagonga ndani ya mashine. Tak.

"Nabra!" akapiga kelele msichana mmoja. Nyuma yake kukalipuka vigelegele, na kitoto kichanga kikaanza kulia kwa hasira. "Nabra! Nimesikia, Abdun! Jina la dhahabu safi! Jina zuri, Wallahi, nimesikia! Huyu hapa, msikie, huyu ndiye Nabra!" Kitoto kikalia zaidi. Wanawake wakacheka. Tak.

Nabra akainyamazisha mashine. Akarudisha mkanda nyuma, akapiga tena. Ataitwa, tak, Nabra. Akarudia mara ya tatu, sikio kwenye spika, akitafuta hata herufi moja ya baba iliyosalia chini ya ile kelele. Haikuwepo.

"Ni wewe," akasema.

"Ni mimi." Bi Sokkara alikuwa ametazama dirishani. "Alipolitaja, mwanangu, nilipata wazimu. Ulikaa siku arobaini huna jina. Kila mtu kwenye barua anajibiwa, na mimi nilitaka kumjibu palepale, kama anavyojibiwa mtu aliyekaa mbele yako. Nikamwambia mwenye duka, rudisha kidogo, bonyeza hicho chekundu, nimjibu. Nilidhani jibu langu litakaa pembeni ya neno lake. Nilitaka mkanda urudi Kuwait, asikie nilivyofurahi. Kisha tukarudisha hapohapo nijisikie, ndiyo nikaona nimemla."

"Na ukaninyamazia miaka yote hii."

"Nikwambie nini? Kwamba baba yako aliacha neno moja lako duniani, na mama yako akalipigia kelele likafutika?"

Nabra alikasirika. Alikasirika kweli, mpaka masikio yakamwaka moto. Alizunguka chumba mara mbili, akalichukua daftari lake la mistari akalitupa kwenye kochi. Watu wanaojaza maji kwenye jibini alikuwa akiwafungia maduka. Huyu atamfungia nini?

"Basi niambie," akasema hatimaye. "Alilisemaje? Polepole? Kwa haraka? Alicheka? Niigizie, mama. Hivyo tu."

Bi Sokkara akasugua magoti yake.

"Sikumbuki," akasema. "Wallahi, Nabra, nimejaribu. Usiku na mchana nimejaribu. Alivyosema nimesahau. Nakumbuka nilivyojibu tu."

Akalia, bila sauti, mkono umefunika macho. Nabra hakumkaribia. Alikwenda mezani akabaki ameitazama ile mashine mbaya, na kile kitufe chekundu kilichokatwa waya.

"Hicho chekundu ni kipi hapo?" mama akauliza baada ya muda.

"Nimekikatisha waya. Hakifanyi kazi."

"Umefanya vyema. Mimi hakuna aliyenizuia."

Kwa kuwa hakujua la kufanya na mikono yake, Nabra aliuachilia mkanda uendelee kutoka pale uliposimama. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba baada ya vile vigelegele kulikuwa na kitu. Huenda siku ile uani, kwa kelele zile, hakuna aliyesikiliza. Masufuria yakalia tena, na Abdun akaibukia katikati ya sentensi, ametulia vilevile, kama mtu ambaye hakukatizwa.

"...kwa hiyo usingoje nirudi, Sokkara. Mwite wewe. Mwite kila siku, kwa sauti, ukiwa jikoni, ukiwa mlangoni, hata kama huna haja naye. Sauti yangu haijui, atazoea yako. Siku utakayomwita akageuka, basi ujue ameniitika mimi. Haya, sasa habari ya zile pesa za paa..."

Nabra akaizima mashine. Muuza gesi alikuwa amefika kona ya mtaa, mitungi inasikika kwa mbali. Karkade iliyomwagika ilikuwa imefika ukingoni mwa meza na kuanza kudondoka kwenye zulia, na Nabra akainama, amempa mama yake mgongo, akatafuta kitambaa ndani ya begi. Akakuta kile kilichofungiwa mkanda.

"Nabra," akaita mama yake.

Akageuka.